Kubadilisha majina ya msingi katika Smalltalk inayoendelea kufanya kazi: njia nne zikilinganishwa

Anayeandika programu kwa lugha ya Smalltalk, iwe kwa mfumo wa Squeak au wa Pharo, hufika siku moja mahali ambapo jina la msingi la mfumo linapaswa kuelekezwa kwenye obijekti nyingine (kitu cha ndani ya mfumo kinachojibu ujumbe), na mfumo hauwezi kuzimwa kwanza, kwa sababu chombo anachotumia kuubadilisha ni sehemu ya mfumo uleule. Dirisha analoandikia, kompaila inayosoma alichoandika na kukigeuza kiwe cha kutekelezwa, na dibaga (chombo cha kuchunguza makosa) itakayomwokoa akikosea vyote vinaishi ndani ya imeji moja, yaani faili linalobeba mfumo wote ukiwa hai, na vyote vinategemea majina kama `Transcript` (pa kuandikia ujumbe wa mfumo), `Display` (skrini), `Processor` (mpangaji wa michakato) na `Smalltalk` (mfumo wenyewe). Tangu lugha hii izaliwe katika maabara ya Xerox PARC huko California miaka ya 1970, huo umekuwa utamu wake na pia hatari yake.

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyekwama kati ya njia kadhaa za kufanya kazi hiyo. Hapa Tabora ninatunza programu ndogo ya Squeak ambayo ushirika mmoja wa wafugaji wa nyuki huitumia kuandika uzito wa asali inayoletwa na malipo ya kila mfugaji. Msimu wa asali ukifika, imeji yake hukaa wazi kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo maswali haya yamenifikia yakiwa kazi ya kufanya, tena ya haraka. Njia nitakazozilinganisha nimezitumia zote nne, na kila moja imenifaa mahali ambapo nyingine ingeniangusha.

Jina, kiungo na obijekti

Kabla ya kupima njia yoyote, ni lazima ieleweke kwamba methodi (kipande cha msimbo kinachojibu ujumbe fulani) iliyokwisha kukompailiwa haikumbuki jina la jumla, yaani linaloonekana kote katika mfumo, kama jina. Kamusi ya mfumo huhifadhi kila jina pamoja na obijekti yake ndani ya obijekti ndogo ya tatu, ambayo hapa nitaiita kiungo: upande mmoja wa kiungo una ufunguo, yaani jina lenyewe, na upande wa pili una thamani. Kompaila ikikutana na `Transcript` ndani ya methodi, hulitafuta jina hilo kwenye kamusi mara moja tu, hukichukua kiungo chake, na kukiweka miongoni mwa vitu ambavyo methodi hiyo itavishika daima. Tangu hapo methodi hairudi kwenye kamusi. Kila inapotekelezwa hufungua kiungo kilekile na kusoma thamani iliyomo wakati huo.

Chukulia kibao kilichosimikwa njia panda, chenye jina juu na mshale chini. Ukiugeuza mshale, kila anayepita ataelekea upande mpya. Lakini ukiking'oa kibao na kusimika kingine chenye jina lilelile, wale walioagizwa wakifuate kile cha kwanza wataendelea kukifuata hata kama sasa kimelala ghalani, na hawatajua kwamba kuna kipya.

Jambo hili nililielewa baada ya kukosea. Katika programu ya asali kulikuwa na jina la jumla `DaftariLaLeo`. Nilitaka daftari la muundo mpya, nikaliondoa jina kwenye kamusi, nikaliweka tena likiwa na obijekti mpya, kisha nikajaribu skrini ya malipo ambayo nilikuwa nimetoka kuiandika upya, nayo ikasoma vizuri. Katika toleo la zamani nililokuwa nikilitumia, methodi za mizani, ambazo sikuzigusa, zilibaki zimeshika kiungo cha awali. Mchana kutwa madumu yaliyoletwa kutoka upande wa Sikonge yalipimwa na kuandikwa kwenye daftari ambalo hakuna skrini iliyolisoma, na jioni wafugaji walisimama mbele ya meza wakiambiwa kwamba hawakuleta kitu. Hapakutokea kosa lolote, wala dibaga haikufunguka. Kilichotuokoa ni kwamba daftari la zamani lilikuwa bado hai: maadamu methodi zilikishika kiungo, na kiungo kililishika daftari, mfumo wa kusafisha kumbukumbu haukuweza kulifuta. Niliiuliza klasi yake (aina ya obijekti hiyo) `allInstances`, yaani orodha ya obijekti zake zote, nikalipata, na usiku uleule nikahamisha kila mstari ili mtu asikose haki ya jasho lake.

Mambo ya kupimia

Swali la kwanza kwa kila njia ni kama msimbo uliokwisha kukompailiwa utaliona badiliko, au utaendelea kuishi katika hali ya zamani kimyakimya kama ilivyotokea kwenye mizani yangu.

Swali la pili, ambalo ndilo gumu kuliko yote, linahusu michakato iliyo njiani, yaani kazi ambazo mfumo umekwisha kuzianza na haujazimaliza. Hapa Tabora ndipo reli inayotoka Dar es Salaam inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Kigoma, ulikofika mwaka 1914, na mwingine ukienda Mwanza, ulikofika mwaka 1928. Hakuna mtu wa reli anayethubutu kugeuza njia huku nusu ya mabehewa yakiwa yamekwisha kuvuka. Katika imeji, mchakato wa kiolesura, unaoshughulikia skrini na kibodi, huwa daima katikati ya methodi fulani, nao unaweza kuwa umekwisha kusoma thamani ya zamani na kuiweka mkononi kabla hujaibadilisha. Ni lazima kujua njia uliyochagua inaufanyia nini mchakato wa namna hiyo.

La tatu ni kama mashine pepe yenyewe, yaani programu inayoiendesha imeji, inakijua kiungo au obijekti unayoigusa. Squeak na Pharo zina safu maalumu ya obijekti ambazo mashine pepe huzisoma moja kwa moja bila kupitia kamusi: humo mna `nil`, `false` na `true`, mna klasi kadhaa za msingi, na katika nafasi ya nne mna kiungo cha `Processor`. Angalia kwamba kilichohifadhiwa pale ni kiungo, wala si jina. La nne ni kurudi nyuma: mambo yakiharibika, na pengine dibaga isifunguke, je, kuna namna ya kurejesha hali ya awali? La tano ni usambazaji, yaani kama badiliko hilo linaweza kupelekwa salama kwenye imeji nyingine ambazo hutakuwepo kuzisimamia.

Njia ya kwanza: kubadilisha thamani ndani ya kiungo kilekile

Hii ndiyo kugeuza mshale bila kuking'oa kibao. Ukituma `Smalltalk at: #Transcript put: mpya` wakati jina limekwisha kuwepo, kiungo hubaki kilekile na thamani yake ndiyo hubadilika. Methodi zote zilizokompailiwa zamani huiona thamani mpya mara zitakaposoma tena, bila kukompailiwa upya. Mashine pepe nayo, ikiwa imekishika kiungo hicho, huiona vilevile, na kwa hiyo hata jina kama `Processor` haliachwi na viungo viwili vinavyopingana.

Udhaifu wake uko kwenye nakala zilizokwisha kusomwa. Kiungo kinatawala usomaji ujao tu. Obijekti iliyosoma `Transcript` wiki iliyopita na kuiweka ndani ya kigeu chake (nafasi yake ya kuhifadhia) itaendelea kuishika ile ya zamani, na dirisha lililofunguliwa juu ya obijekti ya zamani litabaki wazi lakini kimya, huku maandishi yakienda kwingine. Mchakato uliokuwa katikati ya methodi utamaliza sentensi yake na obijekti ya zamani, jambo ambalo mara nyingi halidhuru, kwa kuwa obijekti hiyo bado ni nzima na inajibu ujumbe wake wote.

Hatari nyingine hutokea pale majina mawili yanapopaswa kubadilika pamoja. Badiliko la kiungo kimoja ni tendo moja, lakini ya viungo viwili ni matendo mawili, na mchakato mwingine unaweza kuingia katikati na kukuta jina moja jipya na la pili la zamani. Squeak na Pharo hufuata kipaumbele kwa ukali: mchakato wa kipaumbele cha chini hausogei maadamu wa juu unaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo weka mabadiliko yote mawili ndani ya bloku moja (kipande cha msimbo kinachotekelezwa kwa pamoja) na uitekeleze kwa `valueUnpreemptively`, isiyoruhusu mchakato mwingine kuingia katikati, baada ya kuhakikisha kwamba obijekti zote mpya zimekwisha kutengenezwa kikamilifu nje ya bloku hiyo.

Kurudi nyuma ni rahisi mradi umejiandaa kabla. Sipendi kutegemea kwamba nitaweza kuandika amri ya kurejesha baada ya kukosea, kwa sababu obijekti mpya isipoelewa ujumbe mmoja tu ambao dirisha la kosa linautumia, kosa huzaa kosa na kibodi haina tena pa kuandikia. Hivyo humwacha mlinzi:

```
zamani := Smalltalk at: #Transcript.
mlinzi := [(Delay forSeconds: 60) wait.
    Smalltalk at: #Transcript put: zamani]
        forkAt: Processor userInterruptPriority.
Smalltalk at: #Transcript put: mpya.
```

Mambo yakienda sawa natuma `mlinzi terminate`. Yakiharibika, sihitaji kufanya chochote: dakika moja ikipita, mlinzi hurudisha hali ya awali kwa kipaumbele kilicho juu ya kile cha kiolesura. Mlinzi huyu hafai pale jina unalobadilisha ni lile analolitegemea yeye mwenyewe, kama vile `Processor` au `Delay`.

Njia hii inamfaa anayebadilisha obijekti kwa nyingine inayojibu ujumbe uleule, na ambaye jina lenyewe halibadiliki hali yake. Usambazaji wake ni mwepesi, kwa kuwa mstari mmoja wa amri kwenye hati inayotekelezwa mwishoni mwa upakiaji unatosha.

Njia ya pili: kuondoa jina, kuliweka upya na kukompaili upya

Baada ya kusimulia kisa cha daftari, msomaji anaweza kudhani kwamba ninaikataa njia hii. Siikatai. Kuna mambo ambayo ya kwanza haiwezi kuyafanya, hasa pale kiungo chenyewe kinapaswa kuwa cha aina nyingine, kwa mfano jina lililokuwa kigeu cha kawaida linapogeuka kuwa jina la klasi, au pale unapotaka jina lifutike kabisa na ujue ni nani bado analitumia. Ukiliondoa jina na kukompaili upya imeji nzima, katika Squeak kwa `Compiler recompileAll`, kila methodi iliyokuwa ikilitaja hujitokeza, kwa sababu kompaila hulikosa kwenye kamusi na kukihifadhi kiungo chake ndani ya `Undeclared`, kamusi ya majina yasiyotangazwa. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa orodha hiyo kwa uhakika namna hii.

`Undeclared` ina wema wa pili. Jina likitangazwa baadaye, kiungo kilichokuwa humo ndicho huhamishiwa kwenye kamusi kuu, hivyo methodi zilizokwisha kukishika haziachwi nyuma. Matoleo mengine hukihamishia humo hata kiungo cha klasi inayoondolewa. Hata hivyo usilitegemee toleo lako bila kupima: ichukue methodi ya zamani, kagua `literals` zake (vitu ilivyovishika), na ulinganishe kiungo kilichomo na kile cha `Smalltalk globals bindingOf: #Jina` kwa kutumia `==`, inayopima kama ni kitu kimoja. Usawa wa `=` haukusaidii hapa, kwani viungo viwili tofauti vinaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa kuwa kitu kimoja.

Kukompaili upya hakuwafikii wote. Methodi inayotekelezwa sasa hivi na mchakato ulio njiani hubaki ile ya zamani hadi irudi, na mzunguko wa kiolesura ni methodi isiyorudi kwa muda mrefu sana. Bloku zilizohifadhiwa ndani ya vigeu, kama zile za kupanga orodha au za kujibu kitufe, nazo zimeshika msimbo wa siku zilipoundwa. Ndiyo maana baada ya kukompaili upya mimi hufunga madirisha yote na kuyafungua upya, na pale ninapoona viungo viwili vimebaki, hukipeleka cha zamani kwenye kipya kwa `becomeForward:`, jambo linalotuingiza kwenye njia ya tatu.

Kwa mashine pepe njia hii ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Ukiliondoa `Processor` na kuliweka upya, mashine pepe inaweza kubaki na kiungo cha zamani katika nafasi yake ya nne huku msimbo wako ukisoma kipya, na mfumo mmoja ukawa na wapangaji wawili wa michakato wasiojuana. Dawa yake ni `Smalltalk recreateSpecialObjectsArray`, na ni vyema kuangalia jinsi methodi hiyo inavyofanya kazi: huijenga safu mpya pembeni hadi ikamilike, ndipo huibadilisha ya zamani kwa tendo moja. Kurudi nyuma ni kukompaili upya mara ya pili, au kufungua nakala ya akiba, na binafsi naona nakala ya akiba ndiyo ya kweli. Inamfaa anayeweza kusimamisha kazi za watu kwa saa kadhaa.

Njia ya tatu: kubadilisha utambulisho wa obijekti

Hapa jina haliguswi, wala kiungo. Ukituma `zamani becomeForward: mpya`, kila aliyeishika obijekti ya zamani, awe kiungo, kigeu cha obijekti nyingine, bloku, au mchakato ulio katikati ya methodi, hujikuta ameshika mpya. Ukituma `zamani become: mpya`, hizo mbili hubadilishana nafasi. Kabla ya Squeak 5.0 ya mwaka 2015, mashine pepe ililazimika kupitia kumbukumbu yote ili kufanya kazi hiyo. Tangu kuja kwa kumbukumbu mpya iitwayo Spur, obijekti ya zamani huachiwa alama ya kuelekeza, na marejeo hurekebishwa kadiri yanavyoguswa, hivyo gharama imepungua sana.

Mfumo wenyewe huitegemea njia hii kila siku. Unapoongeza kigeu kwenye klasi ya Squeak, hujengwa klasi mpya pembeni, obijekti za zamani hunakiliwa kwa umbo jipya, kisha obijekti hizo na klasi yenyewe hubadilishwa utambulisho bila mchakato mwingine kuruhusiwa kuingia katikati. Anayesema kwamba `become:` ni uchawi wa kuogopwa tu asisahau, basi, kwamba amekwisha kuutumia mara nyingi bila kuuita kwa jina lake.

Nguvu yake ndiyo inayotaka uangalifu. Methodi iliyokompailiwa husoma vigeu vya obijekti kwa nafasi, cha kwanza, cha pili, cha tatu, wala si kwa majina. Ikiwa mchakato uko katikati ya methodi ya obijekti ya zamani, na wewe ukaibadilisha kwa obijekti yenye umbo tofauti, methodi hiyo itaendelea kusoma nafasi ya tatu ambayo sasa ina kitu kingine, au haipo kabisa, na mashine pepe yenyewe inaweza kuanguka bila dibaga. Namba ndogo nzima nazo hazibadilishwi utambulisho, kwa kuwa hazikai kwenye kumbukumbu kama obijekti zenye anwani. Na seti au kamusi zinazopanga vitu kwa usawa wake, si kwa utambulisho, huenda zikahitaji `rehash`, yaani kupangwa upya, baadaye, la sivyo kitu kimo ndani lakini hakipatikani.

Kuhusu kurudi nyuma, kuna mtego ambao umewanasa wengi. Baada ya `becomeForward:`, kigeu chako kiitwacho `zamani` nacho sasa kinaelekeza kwenye obijekti mpya, kwa sababu hakuna rejeo lililobakizwa. Huwezi kuihifadhi obijekti ya zamani kwa kuiweka tu kwenye kigeu. Unapaswa kutengeneza nakala yake kabla. `become:` ya pande mbili haina tatizo hilo, kwani ukiirudia mara ya pili kila kitu hurejea kilipokuwa, na kwa ajili hiyo mimi huitumia hiyo katika majaribio, nikabadili na kutumia `becomeForward:` siku ya kazi halisi tu.

Inamfaa mtu ambaye obijekti yake imekwisha kusambaa: imeshikwa na madirisha, wategemezi, bloku na vigeu ambavyo hawezi kuvifuatilia kimoja kimoja, na ambaye ana hakika kwamba maumbo mawili yanalingana. Kuisambaza kwenye imeji za watu wengine nisingeshauri, kwa kuwa hujui kule ni mchakato gani utakuwa njiani wakati hati yako inatekelezwa.

Njia ya nne: kuliondoa jina katika nafasi ya jumla

Wakati mwingine tatizo si thamani ya jina, bali ni kwamba jina moja linalazimishwa kuwatumikia watu wengi. Katika Squeak, `ActiveWorld` (dunia, yaani uwanja wa madirisha), `ActiveHand` (mkono, yaani kielekezi) na `ActiveEvent` (tukio la sasa) yalikuwa majina ya jumla kwa miaka mingi, na kila mchakato uliotaka kuyatumia kwa muda ulipaswa kuyabadilisha, kufanya kazi yake, kisha kuyarejesha; mchakato mwingine ukiingia katikati, ulisoma dunia isiyo yake. Katika Squeak 6.0 ya mwaka 2022 thamani hizo zilihamishiwa kwenye vigeu vinavyomilikiwa na mchakato. Kila mchakato huona thamani yake, iliyowekwa kwa ujumbe wa `value:during:`, na bloku ikimalizika, hata kwa kosa, thamani ya awali hurudi yenyewe.

Kwa michakato iliyo njiani hii ndiyo njia ya upole kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayemgeuzia mwenzake mshale. Kwa mashine pepe haina athari, mradi jina si miongoni mwa yale inayoyajua. Gharama zake ni mbili. Kusoma kigeu cha mchakato ni kutuma ujumbe, na ni kazi kubwa kuliko kufungua kiungo. Pia mchakato mpya uliozaliwa kwa `fork` haurithi thamani za mzazi wake, hivyo msimbo uliozoea kuona jina kila mahali utakuta thamani ya msingi usipomkabidhi mtoto mwenyewe.

Msimbo wa zamani uliokwisha kukompailiwa ndio unaohitaji subira. Bado unalitaja jina la jumla, na jina hilo likiondolewa siku ileile unapopakia msimbo mpya, mchakato wa kiolesura utalisoma katikati ya upakiaji na kukuta `nil`. Nimejifunza kugawa kazi katika matoleo matatu. La kwanza huleta kigeu kipya, ambacho kikikosa thamani husoma jina la zamani. La pili huwahamisha watumiaji wote wa jina, mmoja baada ya mwingine. La tatu, baada ya kuhakikisha kwa `SystemNavigation`, chombo cha kutafuta ndani ya msimbo, kwamba hakuna methodi inayokishika tena kiungo, ndilo hulifuta jina. Kila toleo linaweza kupakiwa kwenye imeji iliyo hai bila kuisimamisha, na ukikwama katikati, mfumo bado unafanya kazi. Ni njia ndefu, nayo inamfaa anayesambaza programu yake kwa watu wengi au anayetaka tatizo lisirudi tena.

Kabla ya yoyote kati ya hizo

Nakili faili la imeji pamoja na faili la mabadiliko, yote mawili kwa pamoja, kwa sababu moja bila la pili halitoshi. Hifadhi kwa jina jipya, usiandike juu ya la zamani: hapa kwetu umeme huweza kukatika wakati wowote, na imeji iliyokatizwa katikati ya kuandikwa haifunguki. Faili la mabadiliko hukumbuka methodi ulizoandika na amri ulizotekeleza, lakini halikumbuki hali ya viungo wala obijekti. Ukilitumia kujiokoa, soma orodha yake hadi mwisho kabla ya kuipakia, kwani amri ya mwisho iliyomo huenda ndiyo ileile iliyouangusha mfumo.

Jaribio nalo halijakamilika mpaka uifunge imeji na kuifungua upya. Majina kama `Display` na `Sensor` hushughulikiwa upya wakati wa kuanza, na badiliko lililoonekana zima mchana kutwa linaweza kutenguka asubuhi.

Kulingana na hali yako

Ikiwa unabadilisha jina moja kwa obijekti inayojibu ujumbe uleule, na hujui mtu aliyehifadhi nakala ya ile ya zamani, geuza thamani ndani ya kiungo na umwache mlinzi wa dakika moja. Ikiwa nakala zipo, hesabu kwanza ni ngapi. Zikiwa mbili au tatu, zifuate kwa mkono baada ya kubadilisha thamani. Zikiwa zimetapakaa na maumbo ya obijekti yanalingana, tumia `become:`, lakini uitekeleze kutoka kwenye mchakato ambao hauko ndani ya methodi ya obijekti inayobadilishwa.

Aliye na imeji ya zamani iliyojaa majina yasiyojulikana ni ya nani, na anayeweza kuwaambia watu wasije kazini siku moja, atafaidika na njia ya pili kwa sababu ya orodha inayompa. Asiifanye katikati ya msimu. Mwenye michakato mingi inayogombania jina moja asihangaike na tatu za kwanza, kwa kuwa zote zitamwachia ugomvi uleule. Aanze kuhamia kwenye vigeu vya mchakato hata kama itamchukua wiki.

Anayewapelekea wengine mabadiliko achague kati ya ya kwanza na ya nne, akikumbuka kwamba imeji ya mwenzake ina madirisha na bloku ambazo yeye hazijui.

Na aliye mbele ya jina ambalo mashine pepe inalishika, kama `Processor`, asifanye kazi hiyo kwenye imeji pekee aliyo nayo. Aanze na nakala, abadilishe thamani bila kukigusa kiungo, na aifunge na kuifungua nakala hiyo mara kadhaa kabla ya kuikabidhi kwa watumiaji. Kama anatumia Pharo, ambayo tangu toleo la 7 la mwaka 2019 hujengwa upya kutoka kwenye msimbo, anaweza kuliweka badiliko kwenye msimbo huo na kuijenga imeji mpya pembeni huku ya zamani ikiendelea kupima asali.